Fungu la Asiyekuwapo

Jumapili alasiri, vyombo vikiwa vimekaushwa na meza imefutwa, Mama aligawa karata mafungu manne, ingawa mezani walikuwa watu watatu. Aligawa kwa mwendo ule ule anaoshonea, mkono unakwenda na macho yako kwingine: moja kwa Baba, moja kwa Nukta, moja kwake, na moja mbele ya kiti kitupu kilichotazamana na dirisha. Fungu la nne likakaa kifudifudi, limenyooshwa vizuri, kama sahani ya mtu aliyetoka kidogo kunawa mikono.

Mchezo wenyewe nyumbani kwao waliuita Fagia. Mmoja anatupa karata, wengine wanafuata aina yake, na yenye nguvu kuliko zote inafagia meza. Aliyefagia ndiye anayeanza tena. Zamu ya kiti kitupu ikifika, aliyekaa kulia kwake humfunulia karata ya juu, bila kuchagua, bahati imchezee mpaka mwenyewe arudi. Kulia kwa kiti kile alikaa Baba. Lakini Baba alikuwa amekunja mikono kifuani, kama kila Jumapili.

"Baba Nyundo, zamu ya mwanao," alisema Mama.

"Mwanangu ameshakuwa mtu mzima. Ana mikono yake."

"Mikono yake iko mbali."

"Basi imfunulie huko iliko."

Mama aliweka karata zake chini. Aliinuka nusu, akanyoosha mkono juu ya meza nzima mpaka kifua kikagusa birika, akafunua karata ya kaka yake Nukta. Ilikuwa saba ya pau. Haikufagia kitu.

Kaka huyo walimwita Nyundo kwa sababu hakuweka karata mezani, aliipigilia. Akiwa na ree mkononi, karata yenye nguvu kuliko zote, vikombe viliruka na jirani akagonga ukuta. Alikwenda nje ya nchi kutafuta kazi ya ujenzi. Mwanzo alipiga simu, kisha akawa anabipu, kisha namba yake ikawa inasema haipatikani, kwa sauti ile ile ya adabu ambayo Mama alishaikariri. Siku alipoondoka, Baba alimwambia maneno mlangoni, na maneno yale hakuna aliyeyarudia tena ndani ya nyumba ile.

"Muuguzi yule wa zahanati amenisimamisha tena," Baba alisema, macho kwenye karata zake. "Anataka chumba."

"Chumba gani?"

"Mama Nyundo. Tuna vyumba vingapi?"

Vilikuwa viwili na sebule. Kimoja cha wazazi. Cha pili kilikuwa na kitanda kilichotandikwa, shuka likibadilishwa kila wiki, na hakuna aliyelala humo. Nukta alilala kwenye kochi la sebuleni na hakuwahi kulalamika, ila miguu yake ilining'inia nje ya kochi, na jina la Nukta alilopewa kwa udogo wake lilikuwa limeshakuwa mzaha.

"Kile kina mtu," alisema Mama.

"Kina kitanda." Baba aliweka karata zake chini, akajishika kiuno. Tangu friji la duka la nyama limtegue mgongo, hakuweza tena kuinua kitu kizito, na fundi friji asiyeweza kuinua friji ni kama daktari anayeogopa damu. "Mwenye nyumba hapokei shuka safi. Anapokea kodi."

Hapo ndipo Nukta alipofungua kinywa. "Baba, mwambie muuguzi asubiri. Wiki hii naenda kwenye ule usaili. Nikipata kazi, chumba hakitahitaji mpangaji."

Baba aliokota tena karata zake, akamtazama binti yake. Hakuwa mtu mkali, alikuwa mtu aliyechoka.

"Mpaka Jumatatu, siyo ya kesho, ile inayofuata," alisema. "Zaidi ya hapo atapata kwingine, na sisi tutabaki na kitanda chetu."

*

Kazi ilikuwa kwenye ofisi moja ya kutengeneza programu, ghorofani juu ya duka la magodoro. Walihitaji kijana mmoja tu. Mtihani ulisomeka kwa maneno machache: andika mchezo rahisi wa karata, ule mnaoucheza nyumbani, usiuandike kama uzi mmoja mrefu, ugawe katika klasi zaidi ya moja, uulete Alhamisi.

Nukta alikuwa na kompyuta ya kuazima, ya rafiki yake wa chuoni, ambayo kifuniko chake kililegea bawaba mpaka kikaegemezwa na pasi ya makaa ya Mama. Aliiweka mwisho wa meza ya kushonea. Mama upande huu na cherehani, yeye upande ule, wakawa kama mafundi wawili waliopanga kibanda kimoja.

Alianza na kilicho kidogo kuliko vyote. Klasi ya kwanza aliiita Karata.

"Umeandika klasi," alisema Mama, akichungulia juu ya miwani. "Mbona sioni wanafunzi?"

"Ni kama ile karatasi yako ya kukatia mashati, Mama. Karatasi siyo shati, huwezi kuivaa. Lakini ukiwa nayo unakata mashati mengi utakavyo, na kila moja lina kitambaa chake na mwenyewe."

"Haya. Na hiyo ya karata inajua nini?"

"Inajua aina yake na nguvu yake. Basi. Haijui iko mkononi mwa nani."

"Heri yake," alisema Mama, akakanyaga cherehani.

Klasi ya pili ilikuwa Pakiti. Kazi yake kuzaa karata zote hamsini na mbili, kuzichanganya, na kutoa moja ya juu kila ikiombwa. Nukta alipoijaribu mara ya kwanza, ree ya kopa ikatokea kwake, na mara ikatokea tena kwa mchezaji mwingine.

Mama aliinuka kuja kuona. "Ree mbili za kopa? Hizi siyo karata mwanangu, hizi ni kura."

Nukta alicheka mpaka akalaza kichwa mezani. Kisha akaona kosa lilipokuwa: Pakiti ilikuwa ikionyesha karata ya juu bila kuiondoa, kama muuzaji anayeuza kanga moja kwa watu wawili. Akaandika kwamba ikishatolewa, itoke kweli. Akajaribu tena. Ree ikawa moja.

Ya tatu ilikuwa Mchezaji. Huyu alikuwa na jina na mkono wa karata. Aliweza kupokea na kutupa, na hakuruhusiwa kuchungulia za mwenzake. Ya nne ilikuwa Meza, na hii ndiyo iliyomchukua siku nzima, maana Meza ndiyo inayowajua wote: nani kakaa wapi, zamu ya nani, aina gani imeanza, nani kafagia.

"Meza ndiyo mama wa nyumba," alisema Mama, akiwa na pini mdomoni. "Inajua nani hajala."

Nukta aliandika viti vinne. Aliandika kwamba kiti kikikosa mtu, kigawiwe fungu lake hivyo hivyo, na zamu yake ikifika ifunuliwe karata ya juu. Hakufikiri mara mbili. Hakuwahi kucheza karata kwenye nyumba nyingine. Alidhani ndivyo watu wote wanavyocheza, kama alivyodhani utotoni kwamba baba za watu wote hunuka mafuta ya kompresa.

Jumatano jioni programu ilikimbia mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Mama alishona kifungo kilichokosekana kwenye blauzi ya usaili, akakata uzi kwa meno.

"Nenda na baraka zangu," alisema. "Na usikae umeinama. Ukiinama wanakuona umeshakubali kidogo."

*

Dada wa mapokezi alimwelekeza kwenye benchi la korido bila kuinua macho. Walikuwa wengi, wavulana kwa wasichana, wote na viatu vilivyopigwa rangi na begi la kompyuta. Begi la Nukta lilikuwa mfuko wa kitambaa alioushona Mama kwa mabaki ya sare za shule, mistari ya bluu na mistari ya kijani.

"Umeleta nguo za kupiga pasi?" kijana wa pembeni alimuuliza, bila ubaya.

"Pasi yenyewe nimeiacha nyumbani," alijibu Nukta. "Kazi yake ni kuishikilia kompyuta hii."

Mkuu wa ofisi wote walimwita Mhandisi. Alikuwa mtu wa makamo, miwani kaipandisha kwenye paji la uso, mwenye mazoea ya kusoma kwa sauti kila alichokiona. Vijana wake watatu walikaa nyuma na vikombe vya chai. Alifungua kazi ya Nukta, akapitia klasi moja moja, akaguna guno la kuridhika. Karata, nzuri. Pakiti, nzuri. Programu ikamuuliza wachezaji wangapi, akaandika watatu. Kioo cha kompyuta kikaonyesha mafungu manne.

"Nimesema watatu," alisema Mhandisi.

"Ndiyo, Mhandisi."

"Hapa naona manne. Hili la nani?"

"La asiyekuwapo."

Nyuma kikombe kililia kwenye sahani yake. Mhandisi alishusha miwani, akausoma mstari ule kwa sauti ndefu, kama anasoma tangazo la mnada. "Kama kiti hakina mtu, mgawie. Ehe. Huyu ni nani, jini?"

Vijana wakacheka. Mmoja akasema mganga naye awekewe klasi yake. Nukta akataka kuinamisha kichwa. Alikumbuka asiiname, akabaki kanyooka, na kunyooka kwenyewe kukamfanya aonekane mjinga zaidi.

"Nyumbani tunacheza hivyo," alisema.

"Nyumbani mnaweza kucheza hata na paka. Mteja akiandika watatu anataka watatu." Mhandisi hakuwa na hasira. Alizungumza kama anayemtoa mtoto kibanzi. "Wahenga walishamaliza kazi hii zamani, binti. Asiyekuwapo na lake halipo. Sikiliza. Mpangilio wako ni safi kuliko wa wengi waliopita hapa. Liondoe hilo fungu, urudi Jumatatu asubuhi. Mmebaki wawili."

Alishuka ngazi akiwa na furaha upande mmoja na upande mwingine kitu ambacho hakukijua jina. Nyuma yake alisikia kijana mmoja akisema taratibu, "Dada wa Jini huyo," na mwingine akimnyamazisha.

*

Kuondoa fungu la nne hakukuwa kazi. Ilikuwa ni mistari michache. Ijumaa asubuhi Nukta aliifuta, akaandika watatu, akaanzisha mchezo. Pakiti ikagawa mpaka ikaisha. Na kwa kuwa karata hamsini na mbili hazigawanyiki kwa watu watatu, mchezaji wa kwanza akaishia na moja ya ziada. Raundi ya mwisho akaitupa, na Meza ikakaa kuwasubiri wawili ambao mikono yao ilikuwa mitupu. Programu ikaganda.

Dawa yake nayo ilikuwa rahisi, na kila anayecheza watatu anaijua: toa karata moja ndogo kabla ya kugawa. Akaitoa mbili ya pau. Mchezo ukakimbia kama maji.

Mama alikuwa kwenye chumba cha Nyundo. Alikuwa akikunja vitu na kuviweka kwenye sanduku, taratibu, ili kama Jumatatu itakuja vibaya isimkute na kazi hiyo. Shati la kazi, mkanda, kiatu kimoja cha mpira kilichokosa mwenzake. Nukta aliegemea mlango.

"Wamesema nini huko?" Mama aliuliza bila kugeuka. Tangu jana hakuwa ameuliza, alikuwa amesubiri kuambiwa.

Nukta akamwambia yote isipokuwa kile kicheko. Alipofika kwenye maneno ya wahenga, mikono ya Mama ilitulia juu ya shati.

"Wahenga walisema," alijibu Mama. "Lakini wahenga hawakumzaa. Nimemzaa mimi." Akaendelea kukunja. "Unajua desturi ile aliianzisha nani?"

"Wewe."

"Baba yako. Nyinyi mlikuwa wadogo. Alikuwa akiitwa saa yoyote, friji za watu zikizima. Tunaanza kucheza na wageni wetu, mlango unagongwa, anaondoka. Siku moja alirudi akatukuta tumegawa bila yeye, akasimama pale pale na sanduku lake la spana. Akasema hakuna kitu kinachomuuma mtu kama kurudi kwake akakuta wameshamaliza kugawa. Tangu siku hiyo nikawa namwekea. Anarudi, ananawa mikono, anakaa, anachukua fungu lake lilipofikia. Hakuna anayemuuliza ulikuwa wapi."

"Na leo hataki hata kuligusa."

"Leo siyo yeye anayesubiriwa." Mama alifunga sanduku. "Kusubiriwa ni rahisi, mwanangu. Wewe fanya walivyokwambia. Kazi ni kazi. Kaka yako hayumo humo kwenye kompyuta."

Alisema vizuri, kisha akafungua sanduku tena, akatoa lile shati, akaliweka juu ya mto.

Jumapili, badala ya karata za mkononi, Nukta aliwaita wazazi wake wajaribu mchezo kwenye kompyuta. Wakakaa upande mmoja wa meza, mabega yakigusana, kiti cha nne kimesukumwa ukutani kupisha waya. Wakacheza watatu. Mama alishinda.

"Unakwenda haraka," alisema. "Hakuna wa kumfunulia." Akaenda kupasha chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Baba alibaki. Alikuwa akikitazama kioo kwa jicho lile analotazamia mashine inayounguruma vibaya.

"Ile karata uliyoitoa ili zigawanyike," alisema, "umeiweka wapi?"

"Sijaiweka popote, Baba. Haipo tu."

"Haipo tu."

"Ni mbili ya pau. Haina nguvu, haiwezi kumfagia mtu."

Baba alitikisa kichwa polepole. Akajishika kiuno, akainuka, akatembea mpaka ukutani. Akakishika kile kiti cha nne kwenye mgongo wake kama anataka kukirudisha, kisha akakiacha, akatoka kwenda kukaa kizingitini.

Nukta alikitazama kile kiti. Alifikiri kuhusu mtu anayesimama mlangoni na sanduku la spana. Ndipo alipoona kosa lake halisi, na halikuwa lile alilochekewa. Alikuwa amemwandika asiyekuwapo ndani ya Meza, kwa kujificha, kama jambo ambalo kila mtu analijua. Mhandisi hakulijua. Asiyekuwapo alistahili klasi yake, inayosomeka na mgeni yeyote.

Akavuta kompyuta. Klasi ya tano aliifanya mtoto wa Mchezaji, irithi kila kitu cha mzazi wake: jina, kiti, mkono wa karata. Ikatofautiana naye kwa mambo mawili tu. La kwanza, haichagui karata, inafunua ya juu. La pili lilimchukua alasiri yote, maana Fagia ya mezani hufanya jambo hilo bila kufundishwa: mtu yeyote akiondoka katikati ya mchezo, kiti chake kigeuke cha asiyekuwapo, na akirudi, apokee fungu lake pale lilipofikia. Asiulizwe. Asianzishwe upya.

Alikuwa sasa na programu mbili. Moja ilikuwa kama alivyoagizwa.

*

Jumatatu, yule mwenzake aliyebaki alitoka chumbani kwa Mhandisi akiwa anatabasamu. Nukta aliingia na mfuko wake wa mistari.

"Umeliondoa?" Mhandisi aliuliza.

"Hapana, Mhandisi." Sauti yake ilitoka ndogo, akaikohoa. "Iliyoondolewa ninayo, ukiitaka ni hii hapa. Inafanya kazi. Lakini naomba ucheze hii kwanza."

Mhandisi aliwatazama vijana wake, kama anayewauliza nani aliyemtuma. Kisha akavuta kiti. Akaandika wachezaji watatu, akaweka majina ya vijana wawili na lake. Mafungu manne yakatokea. Safari hii juu ya lile la nne paliandikwa: *Kiti kimewekwa.*

Walianza kama watu wanaomaliza wajibu. Raundi ya tatu wakawa wanabishana. Raundi ya tano Mhandisi alikuwa na mfalme na bibi wa shupaza mkononi na anaficha kioo kwa kiganja, ndipo simu yake ikalia. Alikuwa mteja, na mteja alikuwa na malalamiko. Mhandisi akatoka koridoni, akazunguka huko, sauti yake ikipanda na kushuka.

Zamu yake ilifika. Meza ikasubiri kidogo, kisha ikafunua karata yake ya juu na kuendelea. Vijana wakaangaliana, wakacheza. Kiti kile kikafunuliwa tena. Na tena.

Mhandisi alirudi uso umemkunjamana. "Nimeshatolewa, siyo?" alisema, akiinama kuchukua kalamu yake. "Haya, malizeni."

"Bonyeza tu, Mhandisi," alisema Nukta.

Akabonyeza. Kioo kikaandika: *Karibu. Karata zako hizi.* Zilikuwa zimepungua, ghulamu wa kopa alishakwenda, lakini mfalme na bibi wake wa shupaza walikuwepo, na kwa bahati tupu alikuwa ameshafagia meza mara moja akiwa nje.

Mhandisi alikaa. Hakusoma kwa sauti. Alicheza raundi zilizobaki kimya mpaka mwisho, akashindwa kwa karata chache, akapandisha miwani yake.

"Michezo ya kwenye simu mtandao ukikatika inakutupa nje," alisema. "Binti yangu hulia." Akafungua klasi ya tano, akaisoma juu mpaka chini. "Na huyu wa nne, ambaye hakuna aliyeandika jina lake?"

"Huyo bado hajafika."

Kijana aliyemwita Dada wa Jini alikuwa akikitazama kikombe chake. Mhandisi aligonga kalamu mezani mara mbili tatu.

"Mteja akitaka watatu kamili?"

"Nitamwandikia watatu kamili. Lakini nitamuuliza kwanza."

"Utaanza Jumatano," alisema Mhandisi. "Kwa majaribio. Mshahara baada ya majaribio, nisikudanganye. Mwanzoni ni nauli tu."

*

Nukta alirudi nyumbani kwa miguu, moyo mwepesi na akili ikipiga hesabu ambazo hazikukubali. Nauli haikuwa kodi. Mwenye nyumba hakuwa mtu wa majaribio. Alipoingia hakuficha kitu. Baba alisikia habari yote, akamshika kichwa kwa kiganja kama alivyokuwa akimshika utotoni, akasema, "Umefanya vizuri, Nukta yangu," na jioni ile ile akaenda kumwambia muuguzi ndiyo.

Mama hakupinga. Alilisukuma sanduku la Nyundo chini ya kitanda chake mwenyewe, akaosha dirisha la kile chumba, akaacha shuka safi. Shati la kazi ndilo alilobaki nalo mkononi akizunguka nalo nyumba nzima, mpaka mwishowe akalitundika nyuma ya mlango wa mbele, kwenye msumari, mahali mtu anapotundika shati akiingia.

Muuguzi alikuwa mwanamke mchangamfu, mwenye begi moja na redio. Jumapili alikaribishwa mezani. Akaja na kibao chake cha kukalia baada ya Mama kumwambia kwa upole kwamba kiti kile kina mtu.

Mama akagawa mafungu matano. Zikabaki karata mbili, akaziweka katikati.

"Hizi mbili za nani, Mama?" muuguzi aliuliza.

"Za mgeni. Hujui nani atabisha hodi."

"Na hili la kwenye kiti?"

"La kaka yake Nukta. Yuko safarini."

Muuguzi alitazama kiti, akatazama shati nyuma ya mlango. Katika kazi yake alishaona watu wengi wakisubiri kwenye mabenchi, hivyo hakuuliza zaidi. "Basi acheze," alisema. "Mimi nikiitwa zahanati mniwekee na langu."

"Lako utalikuta."

Nukta akaanza, akatupa kumi ya kopa. Mama akaweka nane. Muuguzi akafikiri sana, akaweka bibi, akajisifu kidogo. Baba akaweka sita bila kusema kitu. Zamu ikafika kwenye kiti.

Mama alishaanza kuinuka, kifua kimegusa birika, mkono umenyooka. Haukufika. Mkono mwingine ulikuwa tayari juu ya fungu, mkono mpana, wenye makovu ya gesi kwenye vidole. Baba aliishika karata ya juu kwa pembe yake, akakaa hivyo, kama mtu aliyeshika kitasa cha mlango na anasikiliza kama ndani kuna watu. Kisha akaifunua, na hakuiweka mezani. Aliipigilia. Vikombe vikaruka, chai ikamwagika kwenye kitambaa, na upande wa pili wa ukuta jirani akagonga, ngo, ngo, kama zamani.

Ilikuwa ree ya kopa.

"Amefagia," alisema Baba. "Mshenzi huyu. Hata hayupo anatufagia."

Akazikusanya karata zote tano, akazipanga sawasawa kwa viganja viwili, akazisogeza mbele ya kiti kitupu. Chai ilikuwa ikitiririka kuelekea ukingoni mwa meza, na hakuna aliyeinuka kuifuta.

"Aliyefagia ndiye anayeanza," alisema Mama taratibu.

"Basi aanze," alisema Baba.

Na kabla ya kumfunulia, walimsubiri kidogo.